Kamera Tiifu Mno: Ukali wa Picha za Ndege Theluji Inapoanguka

Leo tunazungumzia kero inayowapata watu wanaopiga picha za ndege katika nchi za baridi, wakiwemo ndugu zetu wengi walioko Minneapolis, Toronto, Oslo na Stockholm. Theluji inaanguka, ndege ametulia mbele ya lenzi, kisanduku cha kijani kimewaka kwenye kioo kuonyesha kwamba kamera imeshika, na mpigaji anabonyeza kwa matumaini. Picha ikifunguliwa kwenye kompyuta, jicho la ndege lina ukungu, na chembe moja ya theluji iliyokuwa mita tatu mbele yake imetoka safi kabisa. Lawama huanzia kwa lenzi, zikahamia kwa kamera, mwisho zikatua kwa hali ya hewa, na mwenye fedha huenda dukani kununua kifaa cha bei kubwa zaidi. Nataka kujenga hoja nyingine. Ukiacha dhoruba nzito, theluji haimfichi ndege kiasi cha kuharibu picha. Kinachoharibu ni utiifu wa kamera: imetengenezwa iitikie upesi kila kitu kipya kinachojitokeza mbele yake, na theluji inapoanguka vitu vipya hujitokeza mamia kwa sekunde. Dawa yake ni kuifanya kamera iwe nzito kuitikia, yaani kuifundisha ukaidi. Hilo linafanyika bila kununua chochote.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mahali pamoja panapojulikana. Kaskazini mwa Japani kuna kisiwa cha Hokkaido, na upande wake wa mashariki, karibu na mji wa Kushiro, kuna kijiji kiitwacho Tsurui. Huko ndiko wapiga picha wa dunia nzima huenda kila majira ya baridi kumfuata korongo mwenye utosi mwekundu, ambaye Wajapani humwita tancho. Ni ndege mrefu, kama mita moja na nusu, ndugu wa mbali wa korongo taji tunayemwona kwenye bendera ya Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliaminika kwamba amekwisha nchini Japani kwa sababu ya kuwindwa, mpaka mwaka 1924 lilipoonekana kundi dogo katika kinamasi cha Kushiro. Miaka ya 1950 wakulima wa eneo hilo walianza kuwatupia mahindi wakati wa baridi, na mwaka 1952 serikali ikawapa korongo hao hadhi ya juu ya urithi wa asili. Leo Hokkaido ina korongo zaidi ya elfu moja, na Tsurui kuna hifadhi maalumu iliyofunguliwa mwaka 1987. Historia hii ina umuhimu kwa mpiga picha kwa sababu moja ya kivitendo: ndege wanalishwa kwenye uwanja uleule, watu wanasimama nyuma ya uzio uleule, hivyo umbali kati ya lenzi na ndege unaweza kukisiwa kabla ndege hajatua. Baadaye tutaona faida ya jambo hilo.

Sasa tuangalie kilichoko kati ya lenzi na korongo. Chukulia lenzi ya milimita 600, tundu lake likiwa limefunguliwa f/4, kwenye kamera ya fremu kamili, na ndege amesimama mita 20 mbali. Kwa umbali huo fremu inachukua eneo la upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 80. Unene wa tabaka ambamo vitu vinaonekana vikali ni takriban sentimita 27 tu, pungufu ya urefu wa rula ya mwanafunzi. Ukipiga hesabu ya ujazo, tabaka hilo ni kama robo ya mita ya ujazo, ilhali nafasi yote inayoanzia kwenye lenzi hadi kwa ndege ni zaidi ya mita sita za ujazo. Maana yake, theluji ikianguka kwa usawa, kwa kila chembe moja iliyo ndani ya tabaka la ukali ziko nyingine 25 hivi zilizo mbele ya ndege, kila moja ikiwa na umbali wake. Hesabu hii peke yake inaonyesha kwamba kamera inayoruhusiwa kuchagua chochote ina nafasi nyingi sana za kukosea na nafasi moja ya kupatia.

Lakini idadi si hadithi yote, maana chembe hizo hazina nguvu sawa. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4 ina mdomo wa sentimita 15. Chembe ya nusu sentimita ikipita mita mbili mbele ya mdomo huo inaziba takriban sehemu moja katika elfu ya mwanga wote, na kivuli chake kinatandazwa hadi kuwa kipana kuliko fremu nzima. Haionekani, inachofanya ni kupunguza kidogo tu tofauti ya mwanga na giza. Chembe iliyo mita 15, yaani mita tano mbele ya korongo, inatokea kama duara jepesi lenye upana wa sentimita tano hivi juu ya mwili wa ndege. Hiyo inaonekana, lakini bado ni laini. Zinazosumbua kweli ni zile zilizo karibu na ndege, mita moja au mbili mbele yake, kwa kuwa zimekaribia kuwa kali zenyewe, na kamera ikizitazama inaona kingo zilizo wazi, nyeupe juu ya weusi wa shingo ya korongo. Kosa la kamera, kwa hiyo, si la kipumbavu. Imepewa kazi ya kutafuta kingo, ikapata kingo.

Inafaa tukumbuke jinsi mashine hii inavyofikiri. Kamera ya kwanza ya kujilenga yenyewe iliyouzwa kwa wingi, Konica C35 AF, ilitoka mwaka 1977. Mwaka 1985 Minolta 7000 ikauingiza utaratibu huo ndani ya mwili wa kamera ya kubadilisha lenzi, na tangu hapo sifa iliyoshindaniwa zaidi sokoni imekuwa kasi. Njia inayotumika sana kwa ndege wanaotembea au kuruka ni ya kulinganisha mwanga ulioingia kupitia upande mmoja wa lenzi na ule ulioingia kupitia upande mwingine. Picha hizo mbili ndogo zisipolingana, kamera inajua lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Ni njia ya haraka na ya werevu, ila ina sharti: lazima kuwe na mchoro wa kulinganisha, mstari, doa, manyoya, chochote kisicho sare. Ubavu wa korongo mweupe aliyesimama juu ya theluji nyeupe, anga likiwa jeupe, hautoi mchoro wa kutosha. Mbele ya ubavu huo inapita chembe yenye kingo safi. Kamera iliyozoeshwa mbio itaiacha shabaha yenye mashaka na kukimbilia yenye uhakika, kama mtu anayepita sokoni akigeuka kwa kila muuzaji anayemwita, mwisho anarudi nyumbani bila alichotumwa.

Hapa ndipo muda unapoingia, na naamini ndipo hoja ilipo. Chembe za theluji huanguka polepole, kati ya nusu mita na mita moja na nusu kwa sekunde, kulingana na ukubwa na unyevu wake. Tuchukue mita moja. Kamera ikilenga eneo dogo lenye kimo cha sentimita tano juu ya kichwa cha korongo, chembe itakuwa imeingia na kutoka ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kamera inayopiga picha 20 kwa sekunde itakuta chembe hiyo kwenye picha moja, pengine mbili, kisha haipo. Nyingine itaingia, kweli, na nyingine tena. Lakini ya pili itakuwa na umbali tofauti na ya kwanza, na ya tatu umbali tofauti na zote mbili. Ndani ya nusu sekunde moja kamera itakuwa imepata majibu mengi ya swali la umbali, na jibu pekee litakalojirudia ni la ndege. Mashine inayongoja kabla ya kuamua haina haja ya kujua theluji ni nini wala korongo ni nani. Inatosha ikatae jibu ambalo halikurudiwa.

Karibu kila kamera ya kisasa ya wapiga picha za wanyama ina mahali pa kuamuru subira hiyo. Watengenezaji wamepaita kwa majina yao mbalimbali ndani ya menyu, lakini kazi ni moja: kuamua kamera ichelewe kiasi gani kitu kipya kinapokatiza kati yake na shabaha. Wengi hawajawahi kupagusa, kwa kuwa kamera hutoka kiwandani ikiwa imewekwa katikati. Angalia mtego uliopo hapa. Kwenye kamera nyingi za Nikon kipimo ni 1 hadi 5, na 5 ndiyo ya kuchelewa kabisa. Kwenye Sony nako ni 1 hadi 5, lakini huko 5 ndiyo ya kuitikia upesi kabisa na 1 ndiyo ya kung'ang'ania. Anayesikia kwa rafiki kwamba kwenye theluji iwekwe 5, bila kuuliza rafiki anatumia kamera gani, anaweza kuifanya kamera yake kuwa mtumwa wa theluji na kisha akaapa kwamba ushauri ule haufai. Canon kwa muda mrefu imetumia mipangilio yenye namba, na ule wa pili umeelezwa kuwa ni wa kuendelea kumfuata mlengwa bila kujali vizuizi. Soma maelezo ya kamera yako mwenyewe, usifuate namba ya mwenzako.

Kuna pingamizi la haki kabisa hapa. Mtu atasema: korongo hasimami milele. Akija akiruka moja kwa moja kuelekea kwenye lenzi, kamera kaidi si itabaki nyuma? Hapana, ingawa swali ni zuri. Ukaidi tunaouzungumzia unahusu mruko wa ghafla wa umbali, kutoka mita 20 hadi mita 17 ndani ya kufumba na kufumbua. Ndege anayekaribia, hata kwa kasi, hapotei hapa na kuibuka pale. Umbali wake unapungua kwa mfululizo, na kamera hukadiria atakakokuwa picha ijayo ikasogeza lenzi mapema. Kwa ndege anayekuja mbele wakati theluji inaanguka, ukaidi ni msaada, maana makadirio hayo huvurugika pale kamera inapodandia chembe katikati ya safari na kupoteza hesabu. Palipo na hasara ya kweli ni kwingine: kamera kaidi iliyoanza kwa kushika chembe badala ya ndege itang'ang'ania kosa lake kwa ukaidi uleule. Kwa hiyo mtego mzima unategemea mshiko wa kwanza, na mshiko huo haufai kuachiwa mashine.

Ndiyo maana umbali unaokisika wa uwanja wa Tsurui una thamani. Kabla ya kubonyeza chochote, zungusha pete ya lenzi kwa mkono mpaka ndege aonekane vizuri kiasi, ndipo uiruhusu kamera imalizie. Itaanza kutafuta ikiwa tayari jirani na jibu. Lenzi nyingi ndefu zina kiswichi pembeni kinachozikataza kulenga chini ya umbali fulani. Kiwashe, kisha chembe zote zilizo karibu na wewe zinatoka kwenye orodha ya watakaojibu. Eneo la kulengea liwe dogo, si fremu nzima, na liwekwe panapostahili. Wengi hulenga jicho kwa sababu wamefundishwa hivyo, lakini jicho la korongo huyu ni la giza na limezungukwa na manyoya meusi ya shavu, hivyo kwenye mwanga hafifu wa siku ya theluji kamera haioni mchoro wowote pale. Sentimita chache nyuma yake weupe wa kisogo unakutana na weusi wa shingo kwa mstari mkali. Mstari huo, ndege akiwa amekaa ubavu, uko umbali uleule na jicho. Lenga hapo. Mshiko ukionekana umekwenda kwingine, usingoje kamera ijirekebishe: achia kitufe, bonyeza tena. Mpiga picha mzoefu hufanya hivyo mara nyingi ndani ya dakika moja bila hata kufikiri.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye kamera mpya. Tangu Canon R5 ya mwaka 2020 na Sony A1 ya mwaka 2021, kamera zinaweza kumtambua ndege, na nyingine kulitafuta jicho lake na kulichorea kisanduku zenyewe. Je, habari hizi za ukaidi si za kale? Teknolojia hiyo imesaidia sana, na anayeibeza hajaitumia. Lakini tutenganishe kazi mbili zinazochanganywa. Kutambua ndege ni kujua yuko sehemu gani ya fremu: juu, chini, kulia, kushoto. Kulenga ni kujua yuko mbali kiasi gani. Programu ya utambuzi inafanya ile ya kwanza kwa umbo na rangi. Ya pili inafanywa bado kwa kulinganisha mwanga ndani ya kisanduku kilichochorwa. Chembe ikipita mbele ya jicho, kisanduku kinaweza kubaki palepale kwenye jicho huku kipimo cha umbali kikisoma chembe. Hicho ndicho chanzo cha malalamiko ya kwamba kamera ilionyesha imeshika jicho na picha bado haiko kali. Zaidi ya hapo, theluji ikizidi, korongo anayeinamisha kichwa kuchota mahindi anapoteza umbo analotambulika nalo, na kisanduku kinaruka kwenda kwa mwenzake wa nyuma. Utambuzi wa ndege ukiongezewa ukaidi ni mzuri kuliko kila kimoja peke yake. Bila ukaidi, unaongeza tu uhakika wa sauti katika jibu lisilo sahihi.

La tatu ni la wale wanaosema: ziba tundu la lenzi, nenda f/11, tabaka la ukali litanenepa na kosa la kamera litamezwa humo. Kwa hesabu ya juujuu wako sawa: kwa lenzi na umbali uleule, tabaka linaongezeka kutoka sentimita 27 hadi kama 73. Lakini tazama kinachotokea kwa theluji. Mdomo wa lenzi sasa ni wa sentimita tano na nusu tu. Ile chembe iliyokuwa mita tano mbele ya korongo, iliyokuwa imetandazwa kuwa duara laini la sentimita tano, sasa inakusanyika kuwa doa lisilofika sentimita mbili, na mwanga wake wote unabanwa humo, hivyo ni doa jeupe lililokolea. Zidisha kwa mamia. Umenunua tabaka nene la ukali kwa bei ya ndege aliyejaa madoa usoni, na juu yake umepoteza takriban sehemu saba katika nane za mwanga, siku ambayo mwanga tayari ni haba. Kufidia hapo utapandisha ISO na kupata chengachenga, au utapunguza kasi ya shata na kumpata ndege aliyetikisika. Ushauri wa f/11 ni mzuri kwa mandhari ya milima. Kwa ndege kwenye theluji, tundu lililofunguliwa wazi ndilo linaloyeyusha pazia.

Kuna kundi jingine, dogo ila lenye heshima zake, linalosema achana na mashine kabisa, lenga kwa mkono. Kwa ndege wa bustanini nakubaliana nalo. Kardinali mwekundu anayekuja kwenye kihori cha mbegu nyuma ya nyumba huko Toronto hutua kwenye tawi lilelile mara kwa mara. Tawi likilengwa mapema kwa mkono na pete isiguswe tena, theluji haina la kusema, kwa kuwa hakuna anayeiuliza. Hiyo ndiyo hali ya juu kabisa ya ukaidi. Kwa korongo wanaocheza ngoma yao ya mahaba, wakiruka juu, wakigeuka, wakisogea hatua mbili tatu kila sekunde, sentimita 27 ni chache mno kwa mkono wa binadamu ulio ndani ya glavu kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hapo mashine iachiwe kufuata, nawe ubaki kuwa mwamuzi wa ianzie wapi.

Kabla ya kuihukumu theluji, pia, kuna mshitakiwa mwingine anayekwepa: hewa ya joto. Picha nyingi zinazosemwa kuharibiwa na theluji zimeharibiwa na joto lililo karibu na mpigaji mwenyewe. Lenzi iliyotoka ndani ya gari lenye hita hupasha hewa iliyo ndani ya kikinga chake, hewa hiyo inapanda na kuyumba, na kila kitu mbele kinakuwa laini bila kuwa na sehemu yoyote iliyo kali. Dalili yake ndiyo hiyo. Kamera ikikosea umbali, kitu fulani kwenye picha kitakuwa kikali, chembe, mwiba wa nyasi, ndege wa nyuma. Hewa ikitikisika, hakuna kilicho kikali popote. Anayepiga kupitia dirisha la gari akiwa amewasha hita, au juu ya boneti ya injini iliyotoka kuzimwa, anaweza kubadilisha mipangilio mpaka usiku uingie bila mafanikio. Lenzi iachwe nje ipoe hadi ilingane na hewa. Hata pumzi yako ukipumua chini ya lenzi inapita mbele ya kioo. Korongo nao wana mvuke wao: jike na dume wanaporusha vichwa nyuma na kuita kwa pamoja, wingu dogo linatoka mdomoni, na mwanga ukiwa nyuma yao ndilo jambo wapiga picha wengi wamelifuata hadi Hokkaido. Mvuke ule haupotoshi umbali sana, kwa kuwa hauna kingo.

Neno kuhusu kasi ya shata, kwa kifupi, maana wengi huichanganya na ukali wa fokasi. Chembe inayoanguka mita moja kwa sekunde husogea milimita moja kwa kasi ya 1/1000, na milimita nane kwa kasi ya 1/125. Ya kwanza inaitoa kama nukta, ya pili kama mstari mfupi. Upepo ukivuma mita tano kwa sekunde, hata 1/500 inatoa mstari wa sentimita moja, ingawa upepo huohuo unaziondoa chembe usoni mwa ndege mapema zaidi na kuisaidia kamera yenye subira. Nukta au mistari ni suala la ladha. Umbali ukikosewa, ladha haiingii.

Hapo linakuja pingamizi zito kuliko yote, nalo si la ufundi. Kuna wanaouliza: kwa nini tuabudu ukali? Picha ya theluji ina uzuri wa kufifia. Mfaransa Vincent Munier, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu korongo hawa kwa jina la Tancho, amejijengea sifa duniani kwa picha ambazo ndani yake mnyama karibu ameyeyuka kwenye weupe. Hoja hiyo nina heshima nayo, lakini haitetei kile inachodhaniwa kutetea. Kufifia kwa weupe kunatokana na hewa, mwanga na umbali. Ni uamuzi wa mpigaji kuhusu kiasi gani cha ndege kionekane. Kamera iliyolenga mita tatu mbele ya ndege haikuamua lolote. Na katika picha ya namna hiyo, ambayo imebakiza mstari mmoja wa shingo na doa moja jekundu la utosi, mstari huo ukiwa na ukungu hakuna kinachosalia cha kumshika mtazamaji. Kadiri vilivyomo kwenye picha vinavyopungua, ndivyo kila kilichobaki kinavyotakiwa kuwa mahali pake.

Na tusidanganyane kwamba ukaidi unatibu kila kizuizi. Msikilizaji aliyeko Amboseli au kando ya Ziwa Naivasha, anayempiga picha ndege aliye nyuma ya nyasi, hatapata nafuu ileile, kwa sababu nyasi haziondoki. Umbali wake unajirudia sawa na wa ndege, na kamera yenye subira itasubiri bure. Huko silaha ni eneo dogo la kulengea, mkono kwenye pete, na kuhama hatua moja pembeni. Wala programu za kusafisha picha baadaye si za kutegemewa: zinaweza kurudisha weusi uliopaushwa na theluji, lakini haziwezi kuurudisha umbali ambao lenzi haikuwahi kuutazama.

Kwa hiyo, wewe uliyeko ughaibuni ambako kiangazi bado kipo na theluji haijaanza, chukua kamera yako jioni hii, fungua menyu, tafuta mpangilio wa kuchelewesha mwitikio wa fokasi, na hakikisha unajua namba ipi kwa kamera yako ni ya ukaidi na ipi ni ya haraka. Fanya hivyo sasa, kwa sababu ukiwa nje, vidole vimeganda na ndege amekwisha tua, menyu haisomeki.